Pini 24

Shangazi alikuwa ukumbini akifunga taitai kwenye kamba za mwani. Mimi na binamu yangu tulikuwa sakafuni, tunahesabu matundu. Plagi niliyoishika mkononi ilikuwa na pini 24. Mazabodi iliyokuwa mbele yetu ilikuwa na nafasi ya pini 8. Tukahesabu tena, kama watu wanaohesabu pesa wakitarajia zitaongezeka.

Hii ilikuwa Kigombe, mwaka 2021, kijiji cha wavuvi kati ya Tanga na Pangani. Pesa zilizonunua ile plagi na boksi lake la pawa saplai zilikuwa za shangazi. Zilikuwa za mwani, na ni vyema nieleze maana yake. Mwani wenye bei nzuri, kottonii, hauvumilii maji yakipata joto. Unaoza ukiwa kwenye kamba. Uliobaki kwa wanawake wengi wa pwani ni spinosamu, ambao ni mgumu zaidi kufa lakini bei yake ni ndogo. Kwa hiyo kila shilingi tuliyoishika ilikuwa imesimama majini hadi kiunoni, bamvua baada ya bamvua. Shangazi alikuwa ameiandika yote kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma: kompyuta, skrini, pawa saplai, nauli.

Mpango ulikuwa wa binamu. Mchana kompyuta ichape barua na kutoa kopi, usiku icheze gemu. Kijijini vijana walizoea kulipia mechi kwenye pleistesheni kuukuu. Yeye alitaka kuwapa GTA V, na kwenye kompyuta, si kwenye pleistesheni. Tulinunua kompyuta ya ofisini ya mtumba kutoka Dar es Salaam, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne, kwa hesabu kwamba tutaiongezea kadi ya grafiki na itageuka kuwa mashine ya gemu. Pawa saplai yake ya zamani ilikuwa ndogo, haina hata waya wa kulisha kadi. Nikasema tununue kubwa. Mimi ndiye niliyesema. Mimi ndiye niliyesoma chuo.

Mume wa shangazi, ambaye tangu utotoni sote tunamwita mjomba, ni fundi ngalawa. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote, kimya. Mwishowe akauliza:

“Mjomba, hicho kitu kimechongwa kwa ajili ya chombo gani?”

Nikamjibu kwamba vitu vya kompyuta havichongwi, vinanunuliwa popote na vinaoana vyenyewe. Akaitazama plagi mkononi mwangu, akaitazama mazabodi, akatoka kwenda kuswali.

Lile swali lilinikaa kuliko hasara yenyewe. Fundi ngalawa hanunui matengo kabla ya mtumbwi. Anauchonga mti kwanza, anaupima kwa macho na kwa shubiri, ndipo anajua matengo yawe marefu kiasi gani. Ukiyatoa matengo ya ngalawa moja ukayafunga kwenye nyingine, pengine zitaelea, pengine utarudi ukiogelea. Nilichomwambia mjomba, kwamba vipande vilivyotengenezwa na watu wasiojuana vitaoana, ni imani ngeni kabisa duniani. Nikaanza kuitafuta ilikotoka, na nikakuta kwamba Tanzania iliwahi kuumizwa nayo kabla sijazaliwa.

Kompyuta za mwanzo zilikuwa kama ngalawa. Kila moja ilikuwa na lugha yake ya ndani, na programu ya hii haikuwa na maana kwa ile, hata kama zote mbili zilitoka kiwanda kimoja. Aprili 1964 IBM ya Marekani ilitangaza System/360, ukoo wa mashine ndogo kwa kubwa zilizoweza kuendesha programu zilezile. Leo linaonekana jambo la kawaida. Wakati ule kampuni ilikuwa imeweka rehani karibu kila kitu chake juu ya wazo hilo.

Mwaka uliofuata, 1965, Wizara ya Fedha ya Tanzania ilifunga kompyuta ya kwanza nchini: ICT 1500. Jina lilikuwa la kampuni ya Uingereza, lakini chini ya jina hilo mashine yenyewe ilikuwa ya Kimarekani, RCA 301, iliyobandikwa chapa nyingine. Baadaye, miaka ya 60 ikielekea ukingoni, ikaletwa mashine ya jamii ya 1900 kutoka kampuni hiyohiyo, ambayo kufikia 1968 ilikuwa imeungana na wenzake na kuitwa ICL. Ungedhani ni mtoto wa ile ya kwanza. Hapana. Mfululizo wa 1900 ulitokana na usanifu wa tawi la Ferranti huko Kanada, na haukuwa na udugu wowote na RCA. Kazi iliyoandikwa kwa mashine ya kwanza ilibidi iandikwe upya, na walioweza kuiandika wengi wao walikuwa wageni wenye mikataba ya kurudi kwao. Mradi wa kuzihamishia hesabu za serikali kwenye mfumo mpya ulikwama.

Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta pamoja na televisheni. Nisieleweke vibaya: si mashine kutooana tu kulikoleta amri ile. Ulikuwa mwaka wa ukame, mafuta yalikuwa yamepanda bei, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Lakini nikisoma habari zile simwoni waziri mkali asiyependa maendeleo, kama wengi wa rika langu wanavyozisimulia kwa kucheka. Naona mtu aliyenunua plagi ya pini 24. Ndani ya amri ile kulikuwa na kichekesho cha pwani pia: Zanzibar, nchi moja na sisi, ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, wakati Bara ilisubiri hadi 1994 kuona vituo vyake vya kwanza.

Huku sisi tumefungiwa nje, ndipo imani niliyomhubiria mjomba ilipozaliwa, na ilizaliwa kwa haraka za kibiashara. IBM walitaka kompyuta ndogo sokoni ndani ya muda mfupi, kwa hiyo hawakuchonga, waliokota. Prosesa walichukua Intel, ile 8088. Mfumo wa kuendeshea wakachukua Microsoft. Agosti 12, 1981, IBM PC ikatoka, na pamoja nayo kitabu cha ufundi kilichoonyesha michoro ya ndani, ili wengine watengeneze kadi za kuchomeka. Kitu kimoja tu kilikuwa na kufuli la haki miliki: BIOS, ile programu fupi inayoamka kwanza ukiwasha. Compaq, kampuni changa ya Texas, ikaandika BIOS yake kwa kuwatenga wahandisi: wengine walisoma ya IBM na kueleza inafanya nini, wengine ambao hawakuwahi kuiona wakaandika mpya kutokana na maelezo hayo. Mwisho wa 1982 wakatangaza mashine iliyoendesha programu za IBM bila IBM. Kila kompyuta ya mezani unayoiunganisha leo kwa vipande vya makampuni sita tofauti ni mjukuu wa wizi huo wa halali.

Hata hivyo kuoana huku hakukushuka kama mvua kwa wote. Mwaka 1995 Intel walitoa kanuni ya ATX: ukubwa wa mazabodi, matundu ya skrubu, umbo la plagi ya umeme. Plagi ile ilianza na pini 20, baadaye zikawa 24. Yeyote anayefuata kanuni hiyo anaweza kuuziana na yeyote. Lakini hakuna anayelazimishwa. Baadhi ya watengenezaji wa kompyuta za ofisini waliona hawana sababu. Wao wanauza mashine elfu kwa benki au wizara, si kipande kimoja kwa binamu yangu, na plagi yao wenyewe inawafaa. Miaka ikipita ofisi za Ulaya zinazitupa, zinapanda meli, zinashuka Dar es Salaam. Sisi wa mtumba ndio tunaokutana na uamuzi ambao haukutufikiria.

Mtanzania yeyote aliyepanda treni anaufahamu msiba huu hata kama hajawahi kufungua kompyuta. Wajerumani walijenga reli kutoka Tanga kuanzia 1893 kwa upana wa mita moja, na Reli ya Kati ikafuata kipimo hichohicho. Miaka ya 70 Wachina wakatujengea TAZARA, kilomita 1,860, kwa upana wa milimita 1,067, ili ioane na reli za Zambia na za kusini. Tofauti ni milimita 67, haizidi urefu wa kidole. Kwa kidole hicho, behewa la Kigoma haliwezi kwenda Mbeya. Huko Kidatu, zinapokutana, mzigo hushushwa na kupakiwa upya. Na sasa SGR imekuja na milimita zake 1,435. TAZARA haikukosewa. Ilioana vizuri kabisa, ila si na sisi.

Nilipoelewa hivyo nikaacha kuuliza kipi ni kizuri nikaanza kuuliza kipi kimechongewa nani. Nawaeleza wanaotaka kuunganisha yao ya kwanza, kwa kuwa mimi sikuelezwa na mtu. Anza na prosesa na mazabodi pamoja, kama posa; usinunue mmoja ukitumaini mwenzake atapatikana. Usiamini umbo. Soketi ya Intel iitwayo LGA 1151 ilitoka 2015, na mwaka 2017 zikaja prosesa za kizazi cha nane zenye idadi ileile ya pini, zinazokaa kwenye soketi vizuri kabisa, na kwenye mazabodi za mwanzo hazikukusudiwa kuwaka. AMD kwa upande wao walishikilia soketi moja, AM4, tangu Ryzen za 2017 hadi mfululizo wa 5000, ndiyo maana maskini wengi wa gemu tunaipenda. Hata hapo mazabodi ya zamani inaweza kuikataa prosesa mpya mpaka BIOS isasishwe. Orodha ya prosesa zinazokubalika iko kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa mazabodi. Isome mpaka mstari unaotaja toleo la BIOS. RAM ni rahisi zaidi, maana waliotunga kanuni zake walikuwa na huruma: DDR3 ina pini 240, DDR4 ina 288, na kile kikato cha katikati kimehamishwa makusudi ili ukikosea isiingie. Ukiona unatumia nguvu, acha.

Sisi tulikuwa na DDR3, pini 8 na boksi la pawa saplai ambalo muuzaji hakutaka kuliona tena. Binamu hakunilaumu, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Kwa siku kadhaa alikwenda kwenye dau la mjomba bila kunipitia. Mimi nililala na simu usoni, nikisoma kuhusu ile nafasi ndefu kwenye mazabodi inayoitwa PCI Express, hadi nikakuta sentensi niliyoihitaji: kwa kanuni, nafasi hiyo inaweza kuilisha kadi hadi wati 75 bila waya wowote. Wati 75. Kulikuwa na kadi zilizochongwa ndani ya mpaka huo, mojawapo GTX 1050 Ti ya 2016. Ina maana mahali fulani mtu alikaa akawafikiria watu wenye pawa saplai ndogo.

Tuliinunua ya mtumba Tanga mjini, baada ya kumwomba muuzaji aiwashe mbele yetu na kuipima urefu kwa utepe wa fundi cherehani. Kadi nyingine za aina hiyohiyo zina tundu la waya wa ziada; yetu haikuwa nalo, na hilo nililitazama mara tatu. Ikaingia. Skrini ikawaka. Kwa pawa saplai ileile ndogo ya ofisini, GTA V ikacheza Kigombe, na usiku wa kwanza dirishani kulikuwa na vichwa vya watoto hadi pambizo. Mjomba aliomba aonyeshwe boti. Akaendesha boti tu, kama nusu saa, akisema bahari ile haina mkondo.

Deni lilichukua mwaka na ushei. Barua, wasifu wa kazi na kopi za vyeti zililipa zaidi kuliko gemu, nasema ukweli. Shangazi alikata mstari mmoja mmoja kwenye daftari lake: kompyuta, skrini, nauli. Mstari wa pawa saplai aliuruka. Binamu alipomletea pesa zake alikataa kuzipokea. “Hiyo haijafanya kazi,” alisema, “siwezi kuandika imelipwa kitu ambacho hakijafanya kazi.” Boksi likakaa chini ya kitanda chake pamoja na magunia ya mwani mkavu.

Mwaka 2023 binamu alinunua mazabodi ya AM4, mpya, yenye kufuata ATX, kwa fedha zake. Nilikuja kutoka Dar kwa ajili hiyo. Tulilivuta boksi kutoka uvunguni, likiwa na chumvi pembeni, tukapangusa plagi kwa kitambaa kikavu. Pini 24, nafasi 24. Ilishuka kwa mlio mdogo wa kulabu kushika. Nikanyoosha mkono kwenye swichi, na umeme ukakatika, kijiji kizima.

Shangazi alikuwa amekwisha kuchukua daftari na kalamu. Hakuandika. Alivuta mkeka akakaa karibu na ukuta, mjomba akawasha tochi ya simu akaielekeza kwenye mazabodi, na tukasubiri.