Pawa Saplai, Ugavi wa Umeme au Kigawa Umeme?

Anayeunganisha kompyuta ya mezani kwa fedha za kubana huanza na prosesa, akaenda kwenye kadi ya picha, akashuka kwenye RAM na diski, kisha kwa chenji iliyobaki akaulizia pawa saplai. "Nipe ya wati 500," anasema, naye muuzaji anamshushia boksi jepesi, la bei ya chini kuliko yote yaliyo rafuni. Hapo ndipo bajeti inapoharibika, na sehemu ya lawama naipeleka kwenye jina la kifaa chenyewe.

Dukani jina halina utata. Ukienda Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi, utasikia pawa saplai, na wapo wanaolikata likabaki "pawa" tu. Wanaoandika Kiswahili sanifu hupendelea "ugavi wa umeme", na hapo ndipo ninapogoma. Ugavi ni shughuli. Hufanywa na shirika la umeme, au na idara ile ya ofisini inayonunua karatasi na wino wa printa. Haubebwi mkononi wala haufungwi kwa skrubu nne nyuma ya kasha. Tena jina hilo linamwaminisha mnunuzi kwamba kifaa ni njia ya kupitia tu: umeme umetoka ukutani, umepita humo, umeingia kwenye kompyuta. Kama ni njia tu, kwa nini ailipie pesa nyingi?

Ukweli ni kwamba umeme wa ukutani hautumiki na kipande chochote kilichomo ndani ya kompyuta. Tanzania tunapewa volti 230, Kenya 240, nao ni mkondo geu, unaokwenda na kurudi mizunguko 50 kwa sekunde. Prosesa, RAM na diski vyote vinataka mkondo mnyoofu wa volti ndogo. Kwa hiyo pawa saplai huupokea mkondo geu, huunyoosha, huushusha, huuchuja, kisha huugawa katika njia kuu tatu: volti 12, volti 5 na volti 3.3. Na si kugawa ovyo. Njia ya volti 12 haitakiwi kupanda wala kushuka kwa zaidi ya asilimia 5, yaani ibaki kati ya volti 11.4 na 12.6, hata pale kadi ya picha inapokurupuka na kudai umeme mwingi kwa ghafla. Iliyotengenezwa vizuri hujizima pia pakitokea shoti au volti zikizidi. Iliyotengenezwa kwa kubania hupunguziwa ulinzi huo kwanza, kwa sababu mnunuzi hauoni.

Kiswahili kina mtindo wa siku nyingi wa kuvipa majina vifaa vya namna hii: kipaza sauti, kinasa sauti, kipima joto, kizima moto. Kwa mtindo huohuo napendekeza "kigawa umeme". Mzizi ni uleule wa ugavi, ila sasa tunataja kifaa, na kitenzi kimebaki wazi mbele ya macho. Ukisikia kwamba kitu kinagawa, swali linalofuata ni nani anapata kiasi gani, na hilo ndilo swali ambalo mnunuzi hushindwa kuuliza.

Najua pingamizi. Mtanzania akisikia kugawa na umeme katika pumzi moja, anakumbuka mgawo, na mgawo maana yake ni giza. Fundi wa sola atasema "kigeuza umeme" ni sahihi zaidi, maana kugeuza ndiyo kazi ngumu. Nakubali, lakini inveta nayo hugeuza, tena kwa kinyume, kutoka mkondo mnyoofu kwenda mkondo geu, na vifaa viwili vya kazi zinazopingana havifai kugombea jina moja. Mwingine atasema hata ekstensheni inagawa umeme. Basi ekstensheni ibaki ekstensheni. Tumeishi miaka mingi tukiliita kasha zima la kompyuta "CPU", na jambo hilo mbona halijawashtua wapinzani hawa?

Turudi dukani. Ubavuni mwa kila kigawa umeme kumebandikwa jedwali dogo, na kwa kawaida ndilo lenye ukweli kuliko namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Linaonyesha kila njia inatoa ampea ngapi. Zidisha volti kwa ampea, utapata wati. Kikiandikwa wati 500 kwa herufi nene, lakini safu ya volti 12 ikasema ampea 18, basi 12 mara 18 ni wati 216. Wati nyingine zilizotajwa, kama kweli zipo, zimelundikwa kwenye volti 5 na 3.3, ambako kompyuta ya leo haina haja nazo.

Mgawanyo huo ni mabaki ya zamani. Intel ilipotoa kanuni za ATX mwaka 1995, sehemu kubwa ya umeme wa kompyuta ilipita kwenye volti 5 na 3.3. Prosesa za Pentium 4 zilipokuja, mwaka 2000 kikaongezwa kiunganishi maalumu cha volti 12 chenye pini nne, na toleo la 2003 likahamishia mzigo mkubwa kwenye volti 12 na kuleta plagi ya pini 24 tunayoijua. Viwanda vya bei rahisi viliendelea kuuza mchoro wa kale kwa stika mpya.

Tuseme kijana anataka mashine ya kuhariri video. Amechagua prosesa ya Ryzen 5 5600, ambayo kiwandani imekadiriwa wati 65 na hupanda zaidi kazi ikipamba moto, pamoja na kadi ya RTX 3060 ya wati 170. Hizo mbili peke yake ni wati 235, na zote mbili hunywa kutoka volti 12. Kile kigawa umeme chenye wati 216 kwenye njia hiyo kimeshashindwa kabla feni haijazunguka. Kwa kadi hiyo NVIDIA wenyewe wanashauri wati 550. Kijana akikaidi, kompyuta itawaka, itafungua barua pepe, itacheza muziki, halafu itajizima katikati ya kutoa video, naye atailaumu Windows, ataibadilisha RAM, atakwenda kwa fundi, na kila anakopita analipa.

Kama fedha hazitoshi kweli, ni heri aiache kadi ya picha kwa sasa. Achukue Ryzen 5 5600G, ambayo picha zake zimo ndani ya prosesa yenyewe, aweke RAM mbili za gigabaiti 8 badala ya moja ya 16, maana picha za ndani hutegemea kasi ya RAM na vijiti viwili hufanya kazi sambamba, kisha anunue kigawa umeme kizuri chenye nafasi ya kadi atakayoiongeza baadaye. Prosesa na RAM hupitwa na wakati. Kigawa umeme kizuri huhama kutoka kompyuta moja hadi nyingine.

Wapo wanaoogopa kwamba kigawa umeme cha wati 650 kitamaliza LUKU. Hapana. Namba hiyo ni kikomo cha kinachoweza kutoa. Kinachovutwa ukutani hutegemea vipande vya ndani vinadai nini, na kiasi gani kinapotea njiani. Vipande vikidai wati 300 na kigawa umeme kina ufanisi wa asilimia 80, ukutani zitatoka wati 375, na zile 75 zitageuka joto la bure. Chenye ufanisi wa asilimia 90 kitavuta kama wati 333 kwa kazi ileile. Alama ya 80 PLUS, iliyoanza mwaka 2004, hudai ufanisi usiopungua asilimia 80 mzigo ukiwa asilimia 20, 50 na 100.

Kwa wanaonunua mtumba, mambo mawili. Baadhi ya mashine za ofisi za Dell na HP zina plagi zisizolingana na za ATX, kwa hiyo usidhani kila kigawa umeme kitaingia. Pia vile vya zamani vina, upande wa nyuma, swichi nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230: ikiwa kwenye 115 nawe ukachomeka kwenye umeme wetu, kitalipuka hapohapo.

Wanaosanifu istilahi watachagua wanavyoona, na mafundi wataendelea kusema pawa saplai, jambo lisilonisumbua. Wewe unayekwenda kununua, mwombe muuzaji aligeuze boksi, tafuta safu ya volti 12, zidisha kwa ampea zake, ulinganishe na prosesa na kadi yako. Kisichokuwa na jedwali usikinunue.