Safari za Mafaili: Kutoka Masjala ya Entebbe hadi Hifadhi za Mtandaoni

Muhula uliopita idara yetu ilihama bila kuhama. Viti, meza na makabati vilibaki palepale, lakini kila tulichokuwa tumekihifadhi mtandaoni kwa zaidi ya miaka kumi, yaani tasnifu za wanafunzi, mitihani ya zamani, kumbukumbu za mikutano na rekodi za fasihi simulizi, kiliondolewa katika hifadhi ya kampuni moja na kupelekwa katika hifadhi ya kampuni nyingine. Sababu ilikuwa ya kawaida tu: kampuni iliyokuwa ikitupa nafasi bila malipo ilibadili masharti yake, nasi tukaona ni nafuu kwenda kwingine. Kazi ilichukua wiki mbili. Siku ya mwisho fundi alituonyesha hesabu kwenye kompyuta: idadi ya mafaili yaliyotoka ilikuwa sawa na ya yaliyofika. Tukapiga makofi, tukanywa chai.

Wasiwasi ulinianza nilipofungua kabrasha lenye jina Rubongi. Humo mna sauti za wazee wa Rubongi, wilayani Tororo, zilizorekodiwa na wanafunzi wetu katika awamu kadhaa za utafiti, nyingine kwa Dhopadhola na nyingine kwa Kiswahili cha mpakani. Tarehe zote zilikuwa zimegeuka na kuwa moja. Kwa mujibu wa kompyuta, wazee wote walizungumza usiku wa manane wa Jumanne moja, wakiwemo watatu ambao tulishawazika. Mwenye kila faili, eti, alikuwa ni fundi. Lakini lililonitoa jasho ni jingine. Rekodi moja, ambayo mzee aliruhusu isikilizwe na mtafiti wake na msimamizi tu kwa kuwa inataja ugomvi wa shamba usiokwisha hadi leo, sasa ilikuwa wazi kwa kila mwenye anwani ya chuo. Ruhusa ile haikuwa imeandikwa ndani ya faili. Ilikuwa katika mipangilio ya hifadhi ya zamani, na mipangilio haikusafiri.

Niliifunga siku hiyohiyo. Baadaye nilianza kujiuliza ni mara ngapi mafaili yanayohusu eneo hili la mpakani yamehamishwa, na ni nini kilichopotea njiani. Makala haya ni matokeo ya kujiuliza huko.

Tuanze na mwaka 1902. Kabla ya hapo, Himaya ya Uganda ilienea mashariki hadi Naivasha. Mumias, ambako C. W. Hobley aliiwakilisha serikali kuanzia mwaka 1895, palikuwa Uganda, na barua za Hobley zilikwenda kwa wakubwa wake upande wa magharibi, ambako Entebbe palikuwa makao ya serikali. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, Waingereza waliona ni vyema njia yote ya reli iwe chini ya utawala mmoja. Basi kuanzia tarehe 1 Aprili 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mtu wa Mumias alilala Uganda, akaamka kwingine bila kuinua mguu. Mtu wa Rubongi alibaki alipo. Wasamia na Wateso walijikuta kila upande wa mpaka.

Katika tukio hili ardhi na watu ndio waliohama, mafaili yalibaki. Barua zilizoandikwa Mumias katika miaka ya 1890 ziliendelea kukaa katika masjala ya Entebbe kwa kuwa huko ndiko zilikotumwa, na barua za baada ya 1902 zikawa zinakwenda kwa wakubwa wapya. Matokeo yake, anayetafiti miaka ya mwanzo ya Nabongo Mumia hana budi kuanzia Uganda, kisha avuke mpaka kuendelea na mtu yuleyule jijini Nairobi. Wanafunzi wengi hawalijui jambo hili. Wanatafuta Nairobi, wanakosa, wanaandika kwamba hakuna kumbukumbu.

Mgawanyiko huo ulileta nafuu ambayo hakuna aliyeipanga. Mwaka 1939 moto uliteketeza Sekretarieti ya Nairobi pamoja na sehemu kubwa ya nyaraka za mwanzo za Kenya. Nakala zilizosalia ni zile zilizokuwa wilayani, zile zilizopelekwa London, na kwa miaka ya kabla ya 1902, zile zilizosahaulika Entebbe. Mafundi wa kompyuta hutuhimiza siku hizi tuweke nakala mahali pawili au patatu palipo mbalimbali. Wakoloni walifanya hivyo kwa sababu kila ofisa aliogopa mkubwa wake.

Na Rubongi yenyewe? Kwa muda mrefu habari zake ziliandikwa na kuwekwa Mbale, makao ya utawala wa sehemu hii, tena mara nyingi kwa Kiganda, kwa sababu Semei Kakungulu na mawakala wake ndio waliotangulia kuutandaza utawala huku na lugha yao ikawa lugha ya ofisi. Gavana W. F. Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala wa Uganda, maaskofu walipinga, na Kabaka Daudi Chwa naye akapinga hadharani mwaka 1929. Wilaya za Bugisu na Bukedi zilitenganishwa mwaka 1954. Bukedi ikaja kuwa Tororo, kisha Tororo ikamegwa: Pallisa mwaka 1991, Busia mwaka 1997, Butaleja mwaka 2005. Kila wilaya mpya ilipozaliwa, karani wa masjala alilazimika kuamua: faili linalotaja vijiji vya pande zote mbili liende na mtoto au libaki na mama? Faili haliwezi kukatwa kwa panga kama muwa.

Sasa niiguse safari inayotuhusu sisi walimu wa Kiswahili moja kwa moja. Tarehe 1 Januari 1930 iliundwa Kamati ya Lugha iliyozihusisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar, makao yake yakiwa Dar es Salaam na katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Kamati ilisanifisha tahajia, ikapitisha vitabu vya shule, ikaendesha mashindano ya insha na kuandaa kamusi zilizotoka mwaka 1939, miaka miwili baada ya Johnson kufariki. Kazi hiyo yote ilizalisha karatasi: miswada iliyopigwa chapa, orodha za maneno, barua za malalamiko kutoka kwa wasomaji wa pwani waliodai kwamba Kiswahili chao kinaharibiwa na watu wa bara na Wazungu.

Karatasi hizo hazikutulia. Mwaka 1942 makao ya Kamati yalihamishiwa Nairobi. Mwaka 1952 yakahamishiwa Chuo cha Makerere, Kampala. Njia kuu ya reli kutoka Nairobi kwenda Kampala ilipita Malaba na Tororo, na Rubongi haiko mbali na hapo, hivyo huwa napenda kufikiria masanduku ya Kamati yakipita chini ya mwamba wa Tororo huku wenyeji wakiwa hawana habari. Kuna kinaya ndani yake. Mwaka huohuo wa 1952 serikali ya Uganda ilikiondoa Kiswahili katika lugha zilizotambuliwa shuleni, isipokuwa kwa askari polisi na watoto wao. Yaani hazina ya maandishi ya Kiswahili ilibisha hodi Uganda wakati Kiswahili chenyewe kikionyeshwa mlango. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Kamati ilihamia Mombasa kwa muda mfupi, kisha ikarudi Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 ilizaa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, tunachokijua zaidi kama TUKI, na tangu 2009 TATAKI. W. H. Whiteley, aliyekuwa katibu wa Kamati ilipokuwa Makerere, ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza. Naamini hilo lilisaidia sana. Aliyeyafahamu mafaili ya zamani alikuwapo pale yalipofika. Sisi tulihamisha mafaili baada ya wahusika wawili kustaafu na mmoja kwenda masomoni ng'ambo, wala hatukumpigia simu hata mmoja wao.

Kuna uhamisho wa aina nyingine ambao ni lazima tuutaje, ingawa unauma. Uhuru ulipokaribia, Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alitoa mwongozo mwezi Mei 1961 kuhusu nyaraka ambazo hazifai kukabidhiwa serikali mpya: zile zitakazoiaibisha serikali ya Uingereza au maofisa wake, zitakazofichua wapashaji habari, au zitakazoweza kutumiwa vibaya na mawaziri watakaofuata. Mafaili yaligawanywa makundi mawili. Yaliyokuwa salama yaliitwa Legacy, yaani urithi, nayo yangebaki. Mengine, ambayo Kenya yalijulikana kama Watch na kupigwa muhuri wa herufi W, yalishughulikiwa na maofisa wa asili ya Ulaya tu. Yaliyochomwa yalichomwa, na maagizo yalitaka hata majivu yavurugwe. Yaliyotupwa majini yalitakiwa kutiwa ndani ya masanduku mazito na kuzamishwa penye kina kirefu, pasipo mkondo, mbali na pwani. Yaliyosalia yalisafirishwa Uingereza. Maagizo yalieleza pia kwamba faili likiondolewa, pengo lisionekane. Ikibidi, litengenezwe jingine la kuziba nafasi yake.

Hebu tulitazame agizo hilo la mwisho. Karani Mwafrika aliyekabidhiwa masjala angeweza kuhesabu mafaili na kukuta hesabu imetimia. Tangu nilipolifahamu jambo hilo, takwimu za fundi wetu zimeacha kunifurahisha.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 na Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Kenya ilianza kuyadai mafaili yake katika miaka hiyohiyo ya 1960, ikanyimwa. Ukweli ulipatikana kwa njia ya mahakama. Mwaka 2009 Wakenya watano walioteswa wakati wa Mau Mau waliishtaki serikali ya Uingereza London, na wanahistoria, akiwemo David Anderson, wakasisitiza kwamba lazima kuna nyaraka zilizofichwa. Mwaka 2011 serikali hiyo ilikiri kwamba jengo lake la Hanslope Park lilikuwa na mafaili karibu 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani, na kati yake yapata 1,500 yalitoka Kenya. Kati ya 2012 na 2013 yalifunguliwa kwa wasomaji katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew. Mwezi Juni 2013 Uingereza ilitangaza kuwalipa wahanga 5,228, kwa makubaliano ya pauni milioni 19.9. Wengi wa waliostahili walikuwa wamekwisha kufa wakati mafaili yakikaa rafuni. Majirani zetu wa Rubongi nao wana sababu ya kuuliza: Bukedi ilikumbwa na ghasia za kodi mwezi Januari 1960, muda mfupi kabla ya uchambuzi huo wa mafaili kuanza, na ripoti ya tume iliyochunguza ghasia hizo ndiyo iliyochapishwa mwaka huohuo. Ripoti ni maneno ya tume. Mafaili ni jambo jingine.

Kuhusu kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 sitasema mengi. Reli, posta, bandari na mashirika mengine ya pamoja yaligawanywa, na mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini mwaka 1984 tu. Kwa mzee aliyefanya kazi ya reli Tororo huku ofisi kuu ikiwa Nairobi, faili lake la utumishi lilikuwa ng'ambo ya mpaka.

Nirudi kwenye kabrasha letu. Tarehe halisi za rekodi zimepatikana kwa zaidi ya nusu, kwa sababu baadhi ya wanafunzi walikuwa na desturi ya kuanza rekodi kwa kutaja siku, mahali na jina la msimulizi kwa sauti. Sauti hiyo imo ndani ya faili. Fundi hawezi kuifuta kwa bahati mbaya. Wengine walianza moja kwa moja na hadithi, na kwao tunategemea madaftari ya nyanjani. Kuhusu rekodi ya ugomvi wa shamba, watu wanne walikuwa wameifungua kabla sijaifunga. Nimezungumza na kila mmoja wao. Mzee mwenyewe hayupo tena. Nilikwenda Rubongi kumweleza bintiye, ambaye alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama sasa inaweza kufutwa kabisa. Nilimwambia naweza kuifuta huku kwetu, lakini kuhusu hifadhi ya zamani tuliyohama sina mamlaka tena ya kuingia. Tumeiandikia kampuni hiyo barua mbili.

Waliofanya utafiti Rubongi, Busia na Malaba katika awamu yoyote wanaombwa kuleta madaftari yao ofisini kabla ya muhula kufungwa, hata kama yameliwa na mchwa. Fomu za ridhaa za wasimulizi zitapigwa picha na kuwekwa pamoja na kila rekodi, jina la msimulizi likiwa sehemu ya jina la faili.