Kanisa Lililohamia Sebuleni

Mpeleke mtoto kubatizwa katika parokia ya Kikatoliki, iwe Bukoba au Mombasa, na mara nyingi swali la kwanza ofisini halitahusu jina la mtoto wala msimamizi wake. Utaulizwa unasali jumuiya gani. Kisha utaagizwa barua yenye saini za mwenyekiti na katibu, na kama daftari la mahudhurio linaonyesha ulionekana mara ya mwisho kwenye msiba wa jirani, jiandae kwa mazungumzo marefu. Wakatoliki wengi walio chini ya miaka 50 wamekua wakiyaona haya kuwa sehemu ya imani yenyewe, kana kwamba hata Mtume Petro aliwahi kuombwa barua ya jumuiya. Kumbe ni mpango wa kichungaji wenye mwaka, mji na waandishi wake.

Mwaka ni 1973, mwezi wa Desemba, na mji ni Nairobi. Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika ya Mashariki, walikuwa wameketi kupanga Kanisa lao litakavyokuwa katika miaka ya 1980. Shirikisho hilo lilianza Dar es Salaam mwaka 1961, likiwaunganisha maaskofu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Malawi na Zambia za leo, wengi wao wakati huo wakiwa bado Wazungu. Miaka 12 baadaye sura za mkutanoni zilikuwa zimebadilika, na maswali pia. Waliafikiana kwamba uhai wa Kanisa usitegemee tena jengo la parokia na padri wake, bali vikundi vidogo vya majirani wanaojuana kwa majina, wanaoishi na kufanya kazi pamoja. Mwaka 1976, Nairobi tena, wakarudia kauli hiyo kwa mkazo zaidi: kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ndicho kipaumbele chao cha kichungaji.

Sababu ya kwanza ilikuwa hesabu tu. Parokia ya kijijini ilikuwa na vigango vilivyotawanyika umbali wa siku nzima ya baiskeli. Padri akifika kigangoni alikuta foleni ya maungamo, ndoa za kubariki na watoto wa kubatiza, akaadhimisha Misa, akaondoka, na wiki nyingi zikapita kabla hajaonekana tena. Katikati hapo Kanisa lilikuwa katekista. Wamisionari walikuwa wanazeeka na Ulaya haikuwa inaleta wengine wa kuziba nafasi zao, wakati wabatizwa waliongezeka kila Pasaka. Seminari zingejaa mpaka mlangoni na bado mapadri wasingetosha.

Ila ingekuwa kuwapunja waamini kusema walei walikabidhiwa Kanisa kwa sababu ya uhaba peke yake. Katika Buganda walishawahi kulishika bila kukabidhiwa na mtu. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, waliondoka huko mwishoni mwa 1882 wakavuka ziwa kwenda kusini, wakarudi 1885. Walioachwa nyuma ni waongofu wachache, wengi wao vijana wa ikulu ya Kabaka, hawana padri wala Misa. Mapadri waliporudi walikuta idadi imeongezeka: waliobaki walifundishana, wakabatizana, wakauguzana. Baadhi yao ndio waliouawa kati ya 1885 na 1887, na majina yao leo yamepewa jumuiya zisizo na idadi, kuanzia Mtakatifu Karoli Lwanga hadi Matia Mulumba. Baadaye Joseph Kiwanuka, aliyekuwa askofu wa Masaka tangu 1939 na Mwafrika wa kwanza kupewa jimbo katika nyakati zetu, alianzisha mabaraza ya parokia yenye walei waliochaguliwa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao wengi huutaja kama chimbuko la yote haya, haukuwa umeitishwa bado.

Kuna sababu nyingine ambayo haikutajwa sana kwenye hotuba. Katika miaka ya 1960 mtafiti Mfaransa, Marie-France Perrin Jassy, aliishi miongoni mwa Wajaluo wa Mara Kaskazini, Tanzania, akichunguza makanisa huru yaliyokuwa yakichipua kila upande. Aliyoyaona hayakuwapendeza wachungaji wa makanisa makubwa. Katika kikundi kidogo cha kanisa huru mtu alijulikana, akiugua aliombewa kwa jina, mwanamke alisimama akanena, na kila mmoja alikuwa na kazi yake. Katika parokia kubwa mtu huyo huyo alikuwa mgongo mmoja kati ya migongo mia sita iliyotazamwa na watu wa benchi la nyuma. Ukiyatazama masharti ya 1973 kuhusu udogo wa kikundi na kila mwanakikundi kuwa na wajibu wake, utaona somo la Mara limo ndani.

Tanzania ilikuwa na sababu yake ya ziada. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na Kanisa likajikuta likiulizwa liko upande gani. Mwaka 1969 maaskofu waliendesha mwaka mzima wa semina ili waamini wajadili mafundisho ya Mtaguso. Oktoba 1970 Mwalimu Nyerere, Mkatoliki asiyekosa Misa, alisimama mbele ya masista wa Maryknoll huko New York akawaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki katika mapambano ya maskini dhidi ya mifumo inayowakandamiza, litapoteza maana. Wapo maaskofu waliosikia maneno hayo wakasogeza viti nyuma kidogo. Christopher Mwoleka alisogeza chake mbele.

Mwoleka aliwekwa kuwa askofu wa Rulenge, kule Ngara, mwaka 1969. Akajiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akaishi na wanakijiji na kulima nao. Padri Joseph Healey, Mmarekani wa Maryknoll aliyekaa naye kijijini, aliandika kitabu kuhusu maisha hayo. Mwoleka mwenyewe aliandika kwamba Utatu Mtakatifu si fumbo la kupasua kichwa bali mfano wa kuishi: Mungu ni nafsi tatu zinazoshirikiana kila kitu, basi na sisi tushirikiane. Hoja hiyo ni nyepesi kuisema jukwaani, lakini yeye aliisema akiwa na jembe mkononi. Kwake, jumuiya ya Kikristo na kijiji cha ujamaa vilikuwa kitu kimoja, au karibu na kimoja.

Hapo ndipo nadhani Mwoleka alivuka mstari ambao wenzake waliuona. Mwezi mmoja kabla ya mkutano wa Nairobi, Novemba 1973, serikali ilitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mkulima awe anaishi kijijini, na Operesheni Vijiji ikaanza kubeba watu kwa malori, wengine nyumba zao zikibomolewa. Udugu uliokusudiwa ukawa amri. Vijiji vya ujamaa vikaishia vilivyoishia, na jumuiya zikabaki, pengine kwa sababu hakuna aliyepakiwa kwenye lori kwenda kusali. Hata hivyo zilibaki na mifupa ya siasa ya wakati ule. Tazama jumuiya ya mtaani Tanzania: nyumba kadhaa zinazopakana, mwenyekiti anayejulikana, daftari la majina, na ngazi zinazopanda kutoka jumuiya hadi kanda, kigango, parokia, dekania na jimbo. Aliyeishi enzi za TANU hahitaji kuelezwa mfumo wa balozi wa nyumba kumi.

Kwingine siasa ziliuma zaidi. Lilongwe, Malawi, Askofu Patrick Kalilombe alikuwa ameanza jumuiya za aina hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Serikali ya Kamuzu Banda haikuelewa, au ilielewa vizuri mno, kwa nini raia wakutane majumbani kwa makundi madogo bila kadi ya chama. Mwaka 1976 Kalilombe alilazimika kuondoka nchini, na baadaye akawa mwalimu Birmingham, Uingereza. Kongo mambo yalikwenda kinyume: Mobutu alipopiga marufuku vyama vya vijana vya dini mwaka 1972, Kanisa lilikimbilia jumuiya za mtaani kwa sababu hazikuwa na ofisi ya kufungwa. Kadinali Joseph Malula wa Kinshasa akaenda mbali kuliko yeyote wa Afrika Mashariki: kuanzia 1975 alikabidhi parokia nzima kwa walei waliooa, walioitwa bakambi, waliofundishwa kwanza na kisha wakasimikwa rasmi. Padri alibaki na sakramenti. Huku kwetu hakuna askofu aliyethubutu hivyo, na nadhani hasara ya hilo tunaiona mpaka leo.

Mpango bila walimu ni karatasi, na katika hili AMECEA ilijitahidi. Chuo cha kichungaji cha Gaba, kilichofunguliwa karibu na Kampala mwaka 1968, kilihamia Eldoret mwaka 1976 baada ya utawala wa Idi Amin kufanya kazi isiwezekane. Kilifundisha mapadri, masista, makatekista na walei, kikachapa vijitabu vilivyosambaa hadi sehemu ambazo barabara ilikomea. Kutoka Afrika Kusini, Taasisi ya Lumko ikaleta ile njia ya kushirikishana Injili kwa hatua saba. Unasoma kipande cha Injili, unachagua neno lililokugusa, unanyamaza, unasema lilivyokugusa, kisha mnaulizana mnafanya nini juma hili. Ubora wake ni kwamba haihitaji mtu aliyesomea teolojia. Mama muuza vitumbua anaweza kuiongoza, na huiongoza. Udhaifu wake unaonekana kwenye hatua ya sita, ile ya kupanga kazi, ambayo jumuiya nyingi huipita haraka ili wawahi matangazo.

Mwaka 1979 maaskofu walikutana Zomba, Malawi, kupima walikofikia. Hofu iliyokuwapo ni ile ile inayosikika leo: kwamba jumuiya inageuka kikundi cha rozari, na kwamba paroko asiyeutaka mpango anaweza kuuzima kwa kukaa kimya tu. Kwenye karatasi kila jimbo lilikuwa na jumuiya.

Walioziokoa jumuiya zisibaki kwenye karatasi ni wanawake. Ingia jumuiya yoyote Alhamisi jioni au Jumamosi alfajiri, hesabu viti. Wanaume ni wachache, na mara nyingi mmoja wao ni mwenyekiti. Ukatibu, uwekahazina, zamu ya kutembelea wagonjwa, sufuria za msibani, kwaya, yote wameshika akina mama, wengi wao wakiwa pia wanachama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania. Mpango wa 1973 uliandikwa na wanaume watupu kuhusu uongozi wa watu wote, na kama kuna jambo hawakulitabiri ni kwamba shule kubwa ya uongozi waliyoifungua ingejaa wanawake ambao Kanisa lenyewe halina daraja la kuwapa. Mwanamke aliyeendesha kikao cha watu 30 kwa miaka kumi, akasuluhisha ugomvi wa mpaka na kusimamia fedha za rambirambi, hashindwi kuongoza kata.

Kisha ikaja Aprili 1994. Maaskofu wa Afrika walifungua Sinodi yao Roma tarehe 10, wakiwa na wazo la kuliita Kanisa la Afrika Familia ya Mungu, na jumuiya ndogo ndogo zikiwa kiini chake. Siku tatu kabla, mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza Rwanda, nchi yenye Wakatoliki wengi kuliko dhehebu jingine lolote, na yenye jumuiya za msingi vijijini. Majirani waliosali pamoja waliuana, wengine ndani ya makanisa. Askofu Albert Obiefuna wa Nigeria aliieleza Sinodi kwamba inapofika saa ngumu, damu ya ukoo huwa nzito kuliko maji ya ubatizo. Waraka uliotokana na Sinodi, uliotolewa na Papa Yohane Paulo II Yaoundé mwaka uliofuata, uliendelea kuzisifu jumuiya. Ningependa kama ungekaa zaidi kwenye swali la Obiefuna. Kenya walikumbana nalo mwanzoni mwa 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, mitaa ilipogawanyika kwa makabila, na mitaa hiyo ndiyo iliyokuwa mipaka ya jumuiya.

Nije kwenye fedha, kwani mahali pengi ndipo mpango ulipopinda. Kanisa lililotaka kujitegemea lilihitaji mahali pa kukusanyia, na jumuiya ilikuwa tayari: ina majina, ina mweka hazina, ina aibu ya jirani. Zaka, ujenzi wa nyumba ya mapadri, zawadi ya jubilei ya askofu, mavuno, vyote vikashushwa huko. Michango hiyo ikaja na adhabu zake. Anayedaiwa hapewi barua, na asiye na barua akifiwa anaweza kujikuta marehemu wake anazikwa na katekista mmoja na majirani Waislamu wenye huruma. Maparoko wenye busara hulegeza, wengine hawalegezi. Hakuna maneno ya namna hiyo katika maazimio ya 1973.

Upinzani wa kweli sasa unatoka kwa vijana. Katika vyuo vikuu vya Kenya na baadhi ya parokia za mijini zimezuka jumuiya zao, ambazo hazifuati mpaka wa mtaa. Hukutana chuoni, hupanga vikao kwenye simu, huisoma Injili kwa mtindo wa Ona, Amua, Tenda, na hubishana juu ya ufisadi, ajira na mapenzi kwa lugha ambayo ingemfanya mwenyekiti wa mtaa atazame saa. Viongozi wana miaka 20 na kitu. Wakishahitimu hurudi walikozaliwa au hupanga chumba kwenye ghorofa lenye mlinzi getini, mahali ambapo hata jirani wa mlango wa pili hawamjui. Wengi hawaonekani tena. Waliozoea kubishana juu ya Injili hawaoni raha ya kukaa kwenye kochi la mtu wasiyemfahamu wakisomewa orodha ya wasiomaliza mchango wa ujenzi.