Kichochoro Hakimo Katika Ramani

Mji wa Unguja umepangwa na kupangwa tena mara nyingi mno ukilinganisha na udogo wake. Mwaka 1922 alikuja Mwingereza mmoja, Henry Vaughan Lanchester, aliyekuwa msanifu majengo, akatembea mitaani, akarudi kwao, na mwaka uliofuata mpango wake ukachapishwa. Mwaka 1958 Waingereza walitoa mpango mwingine. Baada ya Mapinduzi wakaja Wajerumani wa Mashariki na mpango wao wa 1968, na mwaka 1982 ukatoka mwingine uliotayarishwa kwa msaada wa Wachina. Karne hii nayo imeleta ya kwake. Kila mpango ulikata ardhi kwa rangi: hapa wakae watu, hapa soko, hapa skuli, hapa ofisi za serikali, hapa pabaki wazi.

Mimi si mtaalamu wa mipango miji. Nimefanya kazi ya ualimu maisha yangu yote, na baada ya kustaafu nikapata tabia ya kwenda Nyaraka pale Kilimani kusoma mambo ya mji wetu. Katika ramani hizo nimekuwa nikitafuta kitu kimoja tu, nacho ni njia ya miguu. Sisemi barabara, maana barabara zimo tele, nene na nyembamba, na majina yake. Nasema ile njia ya kupita mtu na mwenzake, inayopinda nyuma ya choo cha huyu na mbele ya baraza ya yule, ambayo kwa Ng'ambo ndiyo iliyokuwa mji wenyewe.

Msomaji asiyetoka kwetu itambidi aelezwe Ng'ambo ni wapi. Mji Mkongwe, wenye nyumba za mawe, umekaa juu ya rasi, na zamani upande wake wa mashariki uliingia mkono wa bahari. Maji yakijaa, rasi ilikuwa karibu iwe kisiwa. Yakitupwa, palibaki tope. Darajani pameitwa hivyo kwa sababu palikuwa na daraja kweli. Aliyekaa Mji Mkongwe, akitazama upande wa pili, alisema "ng'ambo", na jina likabaki. Huko walikaa watumwa na walioachwa huru, wavuvi, mafundi, wachukuzi, watu waliotoka Comoro na Bara, na baadhi ya matajiri waliotaka shamba karibu na mji. Mwaka 1897 utumwa ulipopoteza nguvu ya sheria, wengi zaidi walivuka kwenda kuanza maisha.

Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa makuti. Tofauti ya mawe na makuti haikuachwa iwe ya uwezo wa mtu tu. Serikali ya ulinzi wa Kiingereza iliigeuza ikawa ya sheria: upande huu majengo ya kudumu, upande ule vibanda vya wenyeji. Mkono wa bahari ukawa mpaka, na hata ulipofukiwa kidogo kidogo, mpaka haukufukiwa pamoja nao. Palipokuwa na maji pakawa viwanja vya Mnazi Mmoja na barabara ndefu, ile iliyoitwa Creek Road na ambayo sasa ina jina la Benjamin Mkapa.

Waliokuja kupanga walisema Ng'ambo imejengwa ovyo. Neno hilo, kwa namna moja au nyingine, utalikuta katika maandishi ya kila zama. Nadhani walisema walichokiona, na si haki kuwacheka moja kwa moja. Moto ukishika paa la makuti katika mtaa uliobanana hauulizi njia, na maradhi ya kuambukiza yalikuwa jambo la kweli. Mtu aliyetumwa kuondoa moto na maradhi ana haki ya kutaka nafasi baina ya nyumba. Tatizo ni kwamba alitazama kutoka juu. Ukitazama kutoka juu unaona mapaa, na kilicho baina ya mapaa unakiona kuwa ni kitupu.

Nikueleze basi kilichokuwemo katika kitupu hicho. Nyumba ya Ng'ambo ilijengwa na fundi aliyeongozwa na mwenye nyumba na majirani zake. Kabla ya kuchimba mashimo ya nguzo walisimama hapo wakabishana: maji ya mvua yatakwenda wapi, mlango utazame wapi usikabiliane na mlango wa mwenzio, na pabaki kiasi gani cha kupita. Kipimo cha upana nilichokisikia kwa wazee kilikuwa jeneza. Njia ambayo jeneza haliwezi kupita mabegani mwa watu, pamoja na wanaopokezana pembeni, haikuwa njia, na aliyeiziba alionekana amewazibia watu safari ambayo yeye mwenyewe ataihitaji.

Zilikuwepo na njia ambazo mwanamume hakuzitumia ila kwa haja. Uani kwa huyu kulikuwa na kijilango cha kutokea uani kwa yule, na bibi yangu aliweza kutoka Mwembeshauri kwenda kusuka ukili kwa shoga yake, nyumba tano au sita, bila ya kukanyaga njia kuu wala kutia buibui. Alipita akipiga hodi, akijibiwa karibu, akiambiwa mtoto ana homa, akiachiwa kibakuli cha kupeleka mbele. Mchana ule wa maungo matupu ya mapaa, kwa anayetazama kutoka juu, hayo yote hayakuwepo.

Ardhi yenyewe ilikuwa na mwenyewe, na si yule mwenye nyumba. Wengi Ng'ambo walimiliki banda lakini si mchanga lililosimama juu yake. Mwanzoni hilo halikuwa na uzito mkubwa, kwani sehemu nyingine zilikuwa wakfu na wenye ardhi wengine hawakudai kitu. Kodi ya ardhi ilipoanza kudaiwa kwa ukali na kupandishwa katika miaka ya 1920, watu waligoma. Mwaka 1928 mitaa ya Ng'ambo ilikataa kulipa, wanawake wakiwa mbele, na serikali ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia kodi hiyo isipandishwe ovyo. Mgomo ule ninautazama pia kama habari ya vichochoro. Watu wasiokuwa na ofisi wala gazeti waliweza kukubaliana mtaa kwa mtaa kwa sababu mtaa mmoja ulimwagikia mwingine. Khabari ilipita uani na barazani kwa kasi ambayo askari wa barabarani hakuweza kuifuata.

Katika miaka ya 1940 Katibu Mkuu wa Serikali, Eric Dutton, alianza mradi wa kuijenga upya Ng'ambo. Ukumbi wa Raha Leo ni alama yake inayojulikana zaidi, na ni kichekesho cha historia kwamba jengo hilo la kikoloni ndilo lililokuja kuwa makao ya Mapinduzi Januari 1964. Mradi wenyewe haukufika mbali. Palipochorwa njia zilizonyooka watu walijenga mabanda ya uani, wakasogeza ua, wakaweka genge, mpaka mstari wa mpimaji ukajipinda kama mistari mingine yote.

Mwezi Machi 1964 ardhi yote ilifanywa mali ya serikali. Jambo hili liliwapa watu wengi nafuu, na nisingependa kulisema nusu. Kodi ya ardhi iliondoka, na mtu aliyeishi kwa hofu ya mwenye kiwanja akalala usingizi. Kisha Kikwajuni na Kilimani zikasimama nyumba za ghorofa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, zenye maji ya bomba na umeme, wakapewa watu ambao baba zao walizaliwa katika makuti. Mzee Karume alitaka kila mnyonge akae katika nyumba ya namna hiyo, na mpango wa 1968 ulikuwa wa kuigeuza Ng'ambo yote.

Kitovu chake kiliwekwa Michenzani. Jina linasema palikuwa na michenza. Mimi niliikuta mitaa. Barabara mbili pana zilikatwa zikakutana kama msalaba, na kando yake yakapangwa majumba marefu, mengine yakikaribia mita 300, ambayo watu waliyaita treni tangu siku za mwanzo. Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 kazi haijakwisha, na ujenzi uliendelea chini ya Aboud Jumbe.

Nyumba ya shangazi yangu ilikuwa katika njia ya treni mojawapo. Alipewa fleti ghorofa ya nne, bure, vyumba vizuri kuliko alivyowahi kuvilalia. Hakulalamika, alikuwa mtu wa Afro-Shirazi wa damu na alijua kilichoondolewa kilikuwa nini. Lakini nilimwona alivyobadilika miguu. Shoga yake aliyekuwa nyuma ya ua akapewa fleti upande wa pili wa barabara. Zamani walitenganishwa na kijilango. Sasa ilibidi shangazi ashuke ngazi, atembee urefu wa treni, avuke barabara pana kwenye jua, atembee urefu mwingine, apande ngazi. Maji yalipokuwa hayapandi juu alishuka hivyo hivyo na ndoo. Baada ya miaka michache walikuwa wakionana misibani na Idi. Aliniambia siku moja, akiwa ameegemea ukuta wa veranda, "Mwanangu, hapa naona watu wengi kuliko zamani, lakini hakuna anayenipitia."

Ukienda Michenzani leo angalia chini, si juu. Baina ya treni na mitaa iliyobaki nyuma yake utaona vijia vilivyochimbwa na nyayo, vinakata uwanja kwa mshazari kuelekea msikitini, dukani, skuli. Hakuna mpango uliovichora. Pengine vimetiwa matofali na watu wenyewe ili wasikanyage tope wakati wa masika. Mitaa ile ya nyuma imebaki kwa sababu mpango wa 1968 haukumalizwa, na ukiingia humo unapata Ng'ambo ile ile, ila udongo umekuwa matofali na makuti yamekuwa bati.

Serikali yenyewe ilifika mahali ikaanza kuvitazama vitu hivi kwa jicho jingine. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kwa muda mrefu ilionekana kama kwamba urithi umeishia Darajani. Baadaye idara ya mipango miji, ikishirikiana na Waholanzi, iliingia Ng'ambo na kupima baraza, viwanja vya mpira, misikiti, miti ya kivuli na njia za watu. Kazi hiyo ilitoka kitabu mwaka 2019. Nilikitazama kwa furaha ya mtu aliyemwona ndugu yake katika picha. Lakini wakati huo huo Kwahani nyumba zilikuwa zikivunjwa kupisha maghorofa mapya, kwa hiyo sikufurahi sana.

Hivi sasa katika mtaa wetu tuna shauri la kichochoro. Mtu mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa ni jirani na tunasalimiana, alinunua nyumba mbili zinazotazamana, akazibomoa, akapewa ruhusa ya kujenga jengo moja la kukodisha. Baina ya nyumba hizo palikuwa na njia. Naijua tangu nikiwa mtoto. Ndiyo inayotutoa mitaa ya ndani kwenda msikitini na kwenye kituo cha daladala. Siku ya kupimwa nilikwenda na wazee wenzangu. Mpimaji alikuwa kijana mwenye adabu, pengine nimesomesha baba yake.

"Mwanangu, na njia hii?" nilimuuliza.

Akafungua karatasi yake, akanionyesha kwa kalamu. "Shikamoo mzee wangu. Hapa katika ramani pana uwazi tu. Uwazi unafuata kiwanja."

Sikuwa na la kumjibu kwa wakati ule, kwa maana alisema kweli kwa mujibu wa karatasi aliyopewa. Ardhi ni ya serikali, kiwanja kina hati, nyumba ina ruhusa. Njia haina hati kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kuiombea. Wazee waliobishana juu yake kabla ya kuchimbwa mashimo ya nguzo hawakuandika kitu.

Tulikwenda kwa Sheha. Alitusikiliza, akamwita mwenye jengo, wakaja na mafundi. Mwenye jengo hakuwa mkaidi. Alisema ataacha mlango wa chuma na utakuwa wazi mchana. Tukasema usiku watu hufa pia. Akasema basi ataacha hatua mbili upande wa mashariki, ukuta usogee, lakini naye apewe kibali cha kuongeza ghorofa moja kufidia. Hilo Sheha hakuwa na uwezo nalo, likapelekwa juu.

Wakati linasubiri, mafundi wamechimba msingi mpaka ukingoni na watu wameweka ubao juu ya shimo. Mwezi uliopita tulimzika mzee mmoja wa nyumba za ndani. Jeneza halikuweza kupita kwenye ubao. Tulilitoa kwa nyuma, tukazunguka skuli, tukatokea barabara kuu, magari yakasimama. Siku ya pili nilichukua utepe wa kupimia nguo wa mke wangu nikaenda kupima yale yaliyobaki ya njia, baina ya shimo na ukuta wa jirani wa pili. Nimeandika kipimo hicho katika barua, nikaomba njia ichorwe kwa jina lake, nikaweka na majina ya wakaazi thelathini na saba walioisaini. Barua ipo ofisini.