Fahari ya Mbio na Jina la Mpandaji

Mcheza kwao hutunzwa, walinena wahenga. Lakini historia ya mashindano ya farasi ya Kentucky yatuonesha kwamba mcheza kwao huweza pia kufutwa.

Mashindano hayo, yaitwayo Kentucky Derby, yalianza tarehe 17 Mei 1875 mjini Louisville, Marekani. Mbio zenyewe hudumu dakika mbili tu, nazo zimepata umaarufu usio na kifani: mshindi hufunikwa shada la mawaridi mekundu, na mwaka 2015 walihudhuria watazamaji 170,513.

Hiyo ni fahari ijulikanayo. Isiyojulikana sana ni kwamba siku ile ya kwanza, kati ya wapanda farasi 15, weusi walikuwa 13. Farasi aliyeshinda, Aristides, alipandwa na Oliver Lewis, mtu mweusi, na mkufunzi wake alikuwa Ansel Williamson, aliyezaliwa utumwani. Isaac Murphy alishinda mara tatu: 1884, 1890 na 1891. Jimmy Winkfield alishinda 1901, akarudia 1902. Kadiri mbio zilivyozidi heshima na fedha, ndivyo ubaguzi ulivyowasukuma nje waliozijenga. Winkfield akaishia kutafuta riziki Urusi. Baada ya 1921, hakuonekana Mmarekani mweusi katika mbio hizo hadi mwaka 2000.

Yatuhusu nini sisi? Huku Kigera, ukingoni mwa Ziwa Viktoria karibu na Musoma, farasi si mnyama wa nyumbani. Mbung'o wa bara alimzuia karne nyingi. Fahari ya mbio za ziwani imo katika mitumbwi, na wapiga makasia ni wavuvi wale wale walishao nyumba zao kwa kasia. Lamu nako, wakati wa Maulidi, hushindanishwa punda kandokando ya bahari. Mpandaji ni kijana ambaye siku nyingine humbebesha punda huyo huyo mchanga na mawe ya kujengea. Mchezo na kazi havijaachana, wala mwenye kazi hajapokonywa mchezo.

Heshima hiyo yataka kulindwa. Siku wafadhili na watalii watakapozidi, zawadi zitakua, na watakuja wenye kutaka kupanda badala yake. Washairi wetu wamezoea kusifu jahazi na nahodha. Basi na wamtaje kwa jina kijana wa punda na mpiga kasia, angali anashinda.