Mjukuu wa Mfalme na Kiuno Changu

Ninaandika haya nikiwa nimelala chali sakafuni, miguu juu ya kiti cha plastiki, laptopu tumboni. Hii ndiyo ofisi yangu siku ambazo kiuno kimeamka vibaya, na huamka vibaya karibu siku nne kwa wiki.

Mwanzoni kila mtu alikuwa na jibu. Mama alisema, "Hilo godoro la hosteli litakumaliza." Rafiki yangu akasema ni figo, nikanywa maji hadi nikachoka. Daktari wa kwanza akanipa vidonge vya maumivu na kuniambia niache kujikunja na simu. Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Halafu mguu wa kushoto ukaanza kujiburuta, jicho moja likaanza kuona dunia kama kupitia kioo kichafu, na mwishowe MRI ikaonyesha makovu kwenye ubongo na uti wa mgongo. MS. Kwa urefu, multipo sklerosisi: kinga ya mwili inakula ganda la neva, vile panya anavyotafuna plastiki ya waya wa stima. Chuo niliacha muhula uliofuata. Watu hudhani ni kichwa kilinishinda. Hapana, ni ngazi. Madarasa yetu yalikuwa ghorofa ya nne na lifti ilikuwa pambo tu.

Sasa cha ajabu ni hiki. Kabla sijapata jina la ugonjwa, kiuno kilikuwa "godoro tu." Baada ya kulipata, kikawa "MS tu." Hiyo "tu" ndiyo iliyonifanya nianze kusoma historia. Nilitaka kujua kiuno kilipotelea wapi.

Nilikikuta kwa Mwingereza mmoja aliyeitwa Augustus d'Este, mjukuu wa Mfalme George III. Desemba 1822 alisafiri hadi Uskoti kumtembelea jamaa aliyempenda kama baba, akakuta amefariki. Mazishini alijikaza asilie. Muda mfupi baadaye macho yakakataa kusoma, ikabidi asomewe barua zake. Yakapona, yakarudi kuugua. Mwaka wa 1827, akiwa Florence, alianza kuona kila kitu viwili viwili. Wakamwekea ruba wamnyonye damu. Kisha akaandika kwenye shajara yake kuhusu ganzi iliyomshika pale mwisho wa uti wa mgongo, na jinsi miguu ilivyoisha nguvu hadi akaanguka mara mbili kwa siku moja. Daktari mwingine alimshauri ale nyama ya ng'ombe mara mbili kwa siku na kushushia kwa mvinyo. (Dawa hiyo mimi singeikataa.)

D'Este aliendelea kuandika kwa zaidi ya miaka 20, akafa 1848 bila kujua anaumwa nini. Ugonjwa wenyewe haukuwa na jina. Lakini mahali panapomsumbua alipajua, na alipaandika.

Jina lilikuja 1868, Paris, katika hospitali ya Salpêtrière iliyojaa maelfu ya wanawake wagonjwa na maskini. Profesa Jean-Martin Charcot aliwachunguza wakiwa hai, na wakifa aliwapasua na kutazama neva zao kwa darubini. Wengine walikuwa wamechora makovu hayo miaka ya 1830, ila yeye ndiye aliyeyaunganisha vizuri na dalili za mtu aliye hai. Akatupa alama tatu: macho yanayocheza, mkono unaotetemeka ukinyooshwa kushika kitu, na maneno yanayotoka kwa kukatika katika. Heshima yake nampa. Lakini tazama hizo tatu tena. Zote zinaonekana au kusikika na mtu aliyesimama kando ya kitanda. Maumivu hayamo. Na darubini haingeyapata, kwa sababu maiti haisemi inaumwa wapi.

Tabia hiyo ilidumu. Daktari Mmarekani, John Kurtzke, alitengeneza kipimo cha MS mwaka wa 1955 na kukipanua 1983, kuanzia 0 hadi 10. Ukifika katikati, swali kubwa ni unatembea mita ngapi bila kupumzika: 500, 300, 200, 100. Mimi mita 500 nafika. Kwa karatasi niko fiti. Hakuna mahali pa kuandika kwamba mita 200 za mwisho nilizilipia usiku kucha.

Hata MRI, iliyoanza kuonyesha makovu ya MS kwa watu walio hai mwaka wa 1981, inapiga picha ya kovu tu. Maumivu haipigi.

Aliyenisaidia hakutumia mashine yoyote. Ni dada mmoja wa fiziotherapia, aliyeniambia, "Tembea hadi mlangoni, urudi." Nikatembea. Akasema, "Huo mguu hauinuki, kwa hivyo unauinua kwa nyonga. Kila hatua kiuno kinafanya kazi ya mguu." Miaka mitatu, na hakuna aliyekuwa ameniangalia nikitembea! Kwa hivyo kiuno changu ni MS, lakini si "MS tu." Ni misuli iliyochoka kubeba kazi isiyo yake, na misuli unaweza kuifanyia kitu.

Sasa nina mkongojo, na watu kwa mathree bado hunitazama kama ninaigiza. Nina mazoezi ya dakika 15 asubuhi na vidonge vya kulegeza misuli inayokaza. Chupa ya maji moto naitumia kwa adabu. Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliandika 1890 kwamba wagonjwa wa MS walipungukiwa na nguvu ya macho wakifanya mazoezi, na baadaye ikaeleweka kwamba tatizo ni joto la mwili. Kuna wakati madaktari walimtumbukiza mtu kwenye maji moto waone kama atalegea, ndiyo wajue kama ni MS. Mimi kipimo hicho nilijipa mwenyewe bafuni siku moja, na jirani ndiye aliyenitoa.

Shajara ya d'Este ilichapishwa kama kitabu mwaka wa 1948, miaka 100 baada ya kifo chake, na daktari aliyeitwa Douglas Firth. Leo madaktari wanaisoma kama mojawapo ya simulizi za kwanza kabisa za MS. Nilipojua hilo nilinunua daftari la shilingi 50. Naandika siku, saa, nilichokuwa nikifanya, na kiuno kilisema nini.

Kliniki iliyopita nililifungua mezani. Daktari alikuwa na foleni ndefu nje, na tayari alikuwa ameanza kusema, "Hiyo ni..." Kisha akasoma ukurasa mmoja. Akasoma wa pili. Akaweka kalamu chini, akasema, "Hebu simama. Nionyeshe ni wapi."