Baraza na Irembo: Maneno ya Uraia Yaliyozaliwa Nyumbani

Kila siku unasikia habari za Baraza la Mawaziri au baraza la mji. Huko Tanzania liko Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967. Na hapa kwetu Rwanda, raia anayehitaji cheti cha kuzaliwa hukiomba kupitia mfumo wa serikali uitwao Irembo. Je, umewahi kujiuliza maneno hayo yalitoka wapi? Hayakuanzia ofisini, bali nyumbani. Baraza ni kiti kirefu cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta, mbele ya nyumba ya Mswahili. Irembo ni lango la ua wa Mnyarwanda. Ili tuyaelewe vyema, hatuna budi kuzitembelea nyumba hizo mbili na kutazama jinsi hali ya hewa na mila zilivyozipanga.

Tuanzie pwani, katika mji wa kale wa Lamu nchini Kenya, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Huko joto na unyevu havimwachi mtu usiku wala mchana. Kwa hiyo wajenzi walitumia mawe ya matumbawe na chokaa, wakajenga kuta nene zinazochelewa kupata moto. Vichochoro viliachwa vyembamba ili nyumba moja iitilie nyingine kivuli. Dari ilishikiliwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haziwezi kubeba uzito huo kwa urefu mkubwa, upana wa chumba ulikuwa mita 3 hivi, hata kwa tajiri. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba. Mti wa ufukweni ndio uliokipimia chumba.

Hata hivyo, hali ya hewa haikupanga kila kitu. Nyumba hiyo ilipangwa kwa hatua, kutoka hadharani hadi faraghani. Mgeni alifikia kwenye daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza pande mbili. Hapo wanaume walizungumza, wakauziana bidhaa na kusuluhisha ugomvi. Kutoka dakani njia ilipinda, ili mpita njia asione kilichomo uani. Kisha vilifuata kiwanda kilicho wazi juu, misana miwili, na mwisho chumba kiitwacho ndani, ambako ukuta ulichongwa zidaka za kuwekea sahani za kaure na vitu vya thamani. Katika birika la maji waliwekwa samaki wadogo wa kula mabuu ya mbu. Tena palikuwa na wikio, chumba kilichovuka juu ya kichochoro, ambacho kiliwawezesha wanawake kwenda nyumba ya jirani bila kushuka njiani.

Sasa tupande nyanda za juu. Sehemu kubwa ya Rwanda iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake una baridi. Huku adui hakuwa joto. Nyumba ya kale ilikuwa ya mviringo, haikuwa na madirisha, nayo ilifunikwa kwa nyasi nene zilizohifadhi joto la moto uliowashwa ndani. Chumba kiligawanywa kwa insika, kiambaza cha matete kilichopambwa. Vyombo vya maziwa vilipangwa kwa heshima juu ya uruhimbi, kwa kuwa ng'ombe alikuwa mali na fahari ya ukoo. Ukifika Nyanza, kwenye jumba la mfalme lililojengwa upya kwa mfano wa kale, utaona kibanda cha pekee cha maziwa na kingine cha pombe.

Nje yake palikuwa na ua wa miti. Mgeni alisimama kwanza kwenye irembo, akakaribishwa katika uwanja wa mbele. Nyuma palikuwa na igikari, mahali pa shughuli za familia. Uwanja uliokuwa mbele ya makao ya mfalme uliitwa karubanda, na hadi leo Mnyarwanda akisema *ku karubanda* ana maana ya hadharani.

Unaona basi kwamba mawe na nyasi, joto na baridi, vilitoa majibu tofauti kwa swali lilelile: mgeni anaishia wapi, na siri ya familia inaanzia wapi?

Sikuombi uililie nyumba ya nyasi. Ilivuja, iliungua, na maskini ndio waliobaki nayo hadi ilipoondolewa katika kampeni ya kitaifa ya miaka ya 2010 na 2011. Wala baraza la kale halikuwa la haki kwa wote, kwani lilikuwa la wanaume, na wanawake walibaki ndani. Lakini jina hubeba ahadi. Baraza halina mlango. Apitaye huketi na kusikilizwa. Irembo nalo halikuwekwa ili kumfukuza mtu, bali ili apokelewe.

Ahadi hiyo tunaweza kuitimiza kuliko wazee wetu. Tangu uchaguzi wa mwaka 2008, zaidi ya nusu ya wajumbe wa Baraza la Wabunge la Rwanda ni wanawake: wale ambao wikio la Lamu liliwapitisha juu ya kichochoro, leo wameketi barazani. Kwa hiyo, siku utakapofika kwenye ofisi ya umma ukaambiwa urudi kesho bila sababu, kumbuka maana ya maneno haya, nawe udai kwa adabu kiti chako. Na jioni ya leo, muulize bibi yako: nyumbani kwao mgeni alipokelewa wapi?